Nilimlilia Baba Neema Mapema

Nichekeni tu. Baba Neema, mume wangu, alitolewa uvimbe wa saratani ya utumbo. Siku ya majibu daktari akatuambia wamepima tezi nyingi za limfu zilizotoka pamoja na uvimbe. Niliposikia "nyingi" sikungoja amalize. Nilitoka nalia, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Bagara, nikawaambia akina mama wa jumuiya kwamba Baba Neema ndiyo basi tena. Wakatandika mikeka, wakaanza nyimbo za msiba, nami nikaitikia.

Mara akaingia yeye, na ndizi mkononi.

"Wamepima nyingi ili wawe na uhakika," alisema, "na zote hazina saratani." Akakaa mkekani. "Haya, endeleeni. Mama Neema, tunamlilia nani?"