Trakta Ndogo ya Shangazi Aziza

Naiona hadi leo, mwanangu, ile asubuhi shangazi yangu Aziza alipokwenda kuchagua trakta. Nimeikumbuka jana uliponionyesha kwenye simu picha za trakta mbili, ukaniuliza ni ipi itafaa shamba lako la mpunga kule njia ya Kibombo. Kaa karibu. Nikikwambia tu "nunua hii", utakuwa umesikia neno la mzee mmoja. Afadhali umjue Aziza.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mume wake alipofariki alimwachia shamba ng'ambo ya kijito, nje kidogo ya Kindu, na watu wengi walidhani atalitupa arudi kuuza samaki sokoni. Hakulitupa. Alilima kwa jembe misimu mingi, akaweka akiba polepole, hadi siku hiyo aliponiita.

"Vaa viatu, twende pale gari la moshi linapakuliwa. Ninasikia muchuuzi mumoja wa Kivu ameleta masini za kulima."

Mimi nilikuwa kijana, ila nilikuwa na mke tayari, na niliona fahari kutembea barabarani pamoja naye. Kwenye depo tulikuta trakta mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyekundu, ina kiti na taa za mbele, na watu wameizunguka kama bibi harusi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya magurudumu mawili, ile ambayo mkulima hutembea nyuma yake ameshika mikono ya chuma. Hiyo hakuna aliyeitazama.

Shangazi alizitazama zote mbili kwa utulivu, kisha akamwuliza mchuuzi, "Hii kubwa, daraja yangu ya magogo itaibeba?"

Yule mchuuzi alikuwa mtu mkweli. Akacheka. "Pale hapana, mama. Itaanguka mu maji."

"Na ikikufa, piesi ya kuitengeneza iko wapi?"

"Ya kubwa tunaagizaka mbali sana. Lakini hii ndogo, moteri yake njo ile wanakobolea mupunga hapa mujini. Na kule Kalima wanavuta nayo maji mu mashimo ya madini. Piesi iko kila fasi."

Shangazi akajifunga kitenge vizuri, akaomba kuiwasha mwenyewe. Mchuuzi alitaka kumsaidia, akakataa. Alizungusha ule mkono wa kuwashia, ikagoma. Akazungusha tena, ikagoma, jasho likamtiririka mbele ya wanaume waliokuwa wanamtazama. Mara moteri ikanguruma, na shangazi akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa mume wake.

"Njo hii ninachagua," akasema. "Siku nitakuwa peke yangu, itanisikia."

Tangu hapo lile shamba likabadilika. Alilima lake, akawalimia na majirani, nao wakamlipa kwa kumsaidia kuvuna. Alijifunza kuifungua na kuifunga trakta ile, kila bolti akijua pa kuiweka. Nilimheshimu mno, na sikuwa peke yangu.

Kisha vita vikatufikia. Gari la moshi likaacha kuja, chumvi ikaadimika, na siku watu wenye bunduki walipokaribia mtaa wetu, tukaamua kukimbilia msituni. Shangazi aliifungua trakta haraka. Wanawake wakabeba visu vya kulimia, magurudumu na fremu yenye mikono ya chuma. Moteri ilikuwa nzito, tukaifunga juu ya tipoi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, tukaibeba wanaume wanne. Hakuna aliyelalamika, maana familia nyingi zilikuwa zinakula kwa moteri ile.

Tulikuwa bado njiani, milio ya bunduki ikisikika nyuma yetu, jirani yetu Feza alipokaa chini. Alikuwa mjamzito, mume wake yuko Kalima akichimba madini, na uchungu ulikuwa umemshika. Hakuweza kutembea tena. Tulisimama. Kila mmoja aliliona la kufanya, lakini nani angethubutu kulitamka?

Shangazi alilitamka. "Muteremushe moteri."

"Mama Aziza," mmoja wetu akasema, "tukiiacha hapa hatutaiona tena."

"Ninajua. Muteremushe."

Alizifungua kamba kwa mikono yake, akatandika kitenge chake juu ya miti, tukamlaza Feza. Safari ikaendelea, shangazi akitembea pembeni amemshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma nikimwangalia kama atageuka kuitazama moteri yake. Hakugeuka. Mtoto wa kike alizaliwa kule msituni, mzima, akilia kwa nguvu mpaka tukaogopa.

Hali ilipotulia tulirudi. Pale tulipoiacha moteri palikuwa na majani tu. Shangazi akavipaka mawese vile visu, magurudumu na fremu visishike kutu, akashika jembe tena, wala sikumsikia akijuta. Halafu siku moja mume wa Feza alitokea kutoka Kalima akisukuma baiskeli, na juu yake amefunga moteri ya kuvutia maji, kuukuu, imejaa tope. Alifungua kamba, akaiteremsha mbele ya shangazi. Akasema tu, "Mama, jaribu."

Tukaipachika kwenye fremu. Bolti ziliingia kwenye matundu yake bila shida, kwa kuwa ilikuwa moteri ya aina ileile. Shangazi akaiwasha, akavuka kijito, na shamba la kwanza kulilima lilikuwa la Feza.

Basi, mwanangu, usinunue ukubwa wala rangi. Nunua trakta inayopita njia yako, ambayo mkeo ataiwasha siku usipokuwapo, na ambayo ikiharibika piesi unaipata hapahapa Maniema. Itunze kama mboni ya jicho lako. Lakini siku mtu akianguka mbele yako na mikono yako imeshika mashine, iache chini, umbebe mtu.

Mungu akujalie mvua ya kiasi na mgongo usiochoka. Akupe majirani kama wale, na zaidi ya yote, akufanye wewe uwe jirani wa namna ile.