Maziwa yaligoma kwenye pampu, ilibaki kidogo mwanangu apelekwe Madibira

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wenzangu mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeona nitoe langu. Hiki kisa sijasimuliwa na mtu, kimepita kwenye mwili wangu. Mwenye kubisha abishe, ila maziwa yalikuwa ya kwangu.

Mimi ni Mnyakyusa, nimekulia Soweto, Mbeya mjini. Nimeolewa na Msukuma. Wazee wake walishuka na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa miaka hiyo, wakaweka boma Madibira. Sisi wawili tunaishi Chimala. Mume wangu ni fundi wa pawatila, vile vitrekta vya mkono vya kulimia mpunga, mimi nauza duka la pembejeo.

(Chekeni tu. Mtu wa ndizi na mtu wa ng'ombe ndani ya nyumba moja, utani hauishi.)

Mungu akatupa binti, Kabula. Kwao ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na kweli siku ile ilinyesha mpaka tukasahau jua.

Ile miezi ya kwanza sijui niielezeje. Niliishi kama niko ndotoni. Mvua kwenye bati, harufu ya utosi wa mtoto, usingizi unakuja na kuondoka mchana kutwa. Kabula ananyonya, ananiangalia kwa jicho moja, halafu analala na ziwa mdomoni. Sikujua leo Jumatatu wala Alhamisi, na sikutaka kujua.

Halafu likizo ikaisha.

Mama mkwe akaja kutoka Madibira kukaa na mtoto. Tunamwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Nampenda, niseme ukweli. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, mikono yake mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu usichana wake. Kabula akilia, akishikwa na ile mikono ananyamaza.

Nesi wa kliniki alikuwa amenisisitizia: miezi sita maziwa ya mama tu, ukienda kazini kamua uache nyumbani. Nikanunua pampu, ile ya kuminya kwa mkono.

Kazini nakamulia stoo, nyuma ya mifuko ya mbolea. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, naegemea mifuko, naminya. Mashine za kukoboa mpunga zinaunguruma huko nje, vumbi la pumba linaelea taratibu kwenye mwanga wa dirisha, macho yanafumba yenyewe. Najiona niko kitandani na Kabula. Nikishtuka naangalia chupa, maziwa yamefunika kitako tu.

Jamani, iliniuma.

Jioni nampa Mayu ile chupa. Anaiinua kwenye mwanga, anaitikisa kidogo, anaiweka mezani. Kwao ng'ombe anajulikana kwa chombo. Anayejaza anasifiwa mpaka kwa majirani, asiyejaza wanasema huyo amekauka. Nikajua nimeshapimwa.

Siku zilivyokwenda yakazidi kupungua. Aibu ikaniingia, nikaanza kuruka kukamua. Najiambia ngoja yajae kwanza, ili nikikamua mara moja chupa ionekane ina kitu. Kumbe ndiyo nilikuwa najimaliza, nitasema chini.

Na kila mtu ana dawa yake. Kula karanga. Kunywa uji wa ulezi. Mteja mmoja, baba mtu mzima amekuja kununua mbegu, naye eti, "Dada, piga togwa." Nikapiga togwa mpaka nikitembea tumbo linasikika. Chupa ni ileile.

Siku moja narudi, namkuta Mayu amekaa sebuleni na mume wangu. Akaongea kwa upole, na ule upole ndio ulionikata maini.

"Mama Kabula, siyo kosa lako. Wengine tunakauka mapema. Mtoto nitaenda naye Madibira, maziwa ya ng'ombe yapo. Wewe fanya kazi yako."

Nikamwangalia mume wangu. Yeye akaangalia miguu yake.

"Mama anajua mambo ya maziwa," akasema.

Ni kweli anajua. Nikasema tu kwamba nesi amekataza ya ng'ombe kwa mtoto wa umri huu. Mayu akaniuliza, "Sasa nesi atamnyonyesha yeye?"

Nikaingia chumbani na mwanangu. Nalia, yeye ananyonya. Akashiba, akabeua, akalala. Mtoto ananenepa, nguo za mkojo kila saa kwenye kamba, na bado mimi naiamini chupa! Uzazi unachanganya akili, wakuu, msicheke.

Nikaomba ruhusa kazini nimsindikize mwanangu walau. Mume wangu akabaki na pawatila za watu, tukaondoka mimi, Mayu na mtoto, pampu nimeitia mkobani.

Tulipoacha lami pale Rujewa, mashamba ya mpunga yakaanza, kijani mpaka macho yanachoka. Maji yametulia, yangeyange wamesimama humo, hakuna mwenye haraka ya kwenda popote. Nimempakata Kabula, gari linatubembeleza wote wawili. Nilitamani ile barabara isiwe na mwisho.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mwepesi. Nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka kwenda zizini, basi tu, nisikae na mawazo.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anakamua ng'ombe mmoja mwekundu. Anavuta, anavuta, hakitoki kitu. Ng'ombe anarusha mguu, anageuza shingo anaangalia mbali. Ndama wake alikuwa amefungiwa upande wa pili, shemeji ana haraka zake za mnadani, hakutaka kuhangaika naye.

Mayu akatoka jikoni na sufuria mkononi. Weee, alifoka!

"Wewe una akili kweli? Unakamua nini bila ndama? Amekuficha maziwa huyo! Mlete mwanawe amnuse!"

Ndama akaletwa. Akagonga kiwele kwa kichwa, akanyonya kidogo, akafungwa palepale miguuni pa mama yake. Ng'ombe akaanza kumlamba mgongo, taratibu, macho yamelegea. Shemeji akashika chuchu tena, na maziwa yakaanza kupiga ndoo.

Wakuu, sikusikia tena baridi. Nilikuwa nasikiliza ile sauti ya ndoo na pumzi ya Kabula shingoni kwangu, na hapohapo maziwa yangu yakashuka yenyewe. Gauni likalowa mbele ya shemeji! Sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Mayu, kwani huyu hajakauka?"

"Akauke wapi? Amezaa juzi tu. Alikuwa hana ndama."

"Na mimi kule stoo, ndama wangu nilikuwa naye?"

Shemeji akajificha nyuma ya ng'ombe. Mayu akanitazama usoni, akatazama gauni, akaweka sufuria chini.

Akamfungua Kabula mgongoni kwangu, akanikalisha kwenye kigoda.

"Lete hiyo pampu yako."

Kabula ziwa la kushoto, pampu la kulia. Chupa akaishika yeye mwenyewe. Tukakaa hivyo watatu kwenye ukungu, maziwa yanapanda mpaka yakapita nusu.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe sijawahi kumfanyia hivyo. Nikakufanyia wewe."

Tulilia wote. Sioni aibu kusema.

Nilichokuja kuelewa, na nesi akanithibitishia baadaye: pampu inaonyesha pampu imetoa nini, haionyeshi mwili una nini. Mtoto anatoa zaidi kuliko plastiki. Ukiwa na hofu maziwa hayashuki, kwa hiyo kazini sasa naweka kifuani kitambaa cha maji ya moto kwanza, na kanga ya Kabula naiweka puani. Na usiruke kukamua kama nilivyoruka mimi, maana titi linatengeneza kadiri linavyotolewa. Wapo ambao kweli yanapungua, hao waone nesi mapema. Angalieni mkojo na uzito wa mtoto.

Mchana ule mume wangu akapiga simu kuuliza nguo za mtoto azitume na gari gani. Mayu akaninyang'anya simu.

"Usitume kitu. Mtoto hakai huku, anarudi na mama yake. Na mimi narudi nao, kila mchana nitampeleka dukani anyonye. Na wewe ukisikia tena mtu anasema mke wako amekauka, hata nikiwa mimi, mfukuze nyumbani kwako."

Ndiyo yangu hayo. Wenye uzoefu na kukamua kazini shukeni na maujanja, wenye mawe rusheni. Na wewe dada unayesoma huku unaangalia kitako cha chupa, usikubali mtu akuambie umekauka kabla hamjamuuliza mtoto.