Chakula cha Kupeleka Gerezani

Juzi jirani yangu hapa Kibeta, Bukoba mjini, alikuja nyumbani kabla sijamaliza kufagia uwanja. Mwanawe alikuwa amekamatwa, yuko mahabusu, naye alitaka kwenda kumwona kwa mara ya kwanza. "Mama, mtu anabeba nini?" akaniuliza. Nilimkaribisha ndani, nikamtilia chai, lakini akili yangu ilikuwa imeshafika Muleba, jikoni kwa bibi, nikiwa mtoto, nikinyonyoa mabawa ya senene, wale panzi wa kuliwa.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alishafariki, hivyo niliishi na baba pamoja na bibi, mama yake baba, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Baba mdogo alijenga upande wa chini, karibu kiasi kwamba bibi aliweza kuita mara moja tu na watoto wake wote wawili wakaitika. Ungekuja kwetu asubuhi baada ya mvua, rafiki yangu, ungependa: moshi unapita taratibu katikati ya migomba, kahawa imeanikwa uani, maharage yanatokota tangu alfajiri.

Baba na baba mdogo waligombania mpaka wa kibanja. Miche aliyopanda babu kuuonyesha iling'olewa, kila mmoja akasema ni mwenzake. Jumapili moja walikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, maneno yakazidi, baba akainua mpini wa jembe. Ulimpiga mdogo wake jichoni. Jioni ile mmoja alilala hospitali, mwingine kituo cha polisi, na baadaye baba akapelekwa gerezani Bukoba kungoja kesi.

Bibi aliwazaa wote wawili. Wakati ule sikulitilia maanani jambo hilo. Siku hizi linanijia hata nikiwa sokoni.

Baba mdogo aliporuhusiwa kutoka hospitali, ndipo bibi akasema sasa anaweza kwenda kwa yule mwingine. Akamwita mama mmoja wa jirani ambaye mumewe aliwahi kufungwa. Yule mama alikaa kwenye kigoda akatufundisha. "Mahabusu anapokea chakula cha nyumbani. Usifunge sana, watafungua. Na utaonja kila kitu mbele ya askari." Bibi aliyezoea kumfundisha kila mtu alisikiliza, kisha akauliza polepole, "Ataruhusiwa kunishika mkono?" Yule mama akatazama majivu.

Ulikuwa msimu wa senene. Nilinyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikateleza, bibi akawakaanga kwa chumvi kidogo, harufu ikajaa hadi nje. Alizunguka kibanjani muda mrefu akipapasa mikungu, akaacha minono miwili mitatu, akachagua ule wa ndizi alizopenda baba. Alifua shati la baba, akalipiga pasi ya mkaa, akalinusa, akalifua tena. Mimi sikuwa na gauni la maana, basi nikafuliwa sare ya shule.

"Ukifika usilie," aliniambia akinisuka nywele. "Ukilia, sisi tutapanda basi turudi, na yeye atabaki na kilio chako mle ndani."

Tulikuwa bado tunamenya ndizi baba mdogo alipoingia, bandeji imefunika nusu ya uso. Akatazama sufuria.

"Unampikia, mama?"

"Nampikia. Na wewe nimekupikia. Kaa ule."

Nilidhani atapiga teke sufuria. Alisimama pale mlangoni, halafu akakaa akitupa mgongo. Alikula. Alipomaliza akasema bila kugeuka, "Mwambie jicho halitarudi."

"Nitamwambia," bibi akasema.

Njia nzima hadi Bukoba alipakata kapu kama mtoto mchanga. Langoni tulipanga foleni na wanawake wenye makapu kama letu. Zamu yetu ilipofika askari akasema, "Onja, bibi." Akaonja ndizi, akaonja maharage, akatafuna senene wachache.

Baba aliletwa upande wa pili wa waya. Amenyolewa, amekonda. Bibi akasogeza kiganja kwenye waya, akakiacha hapo. Baba hakuuliza kesi wala kahawa. Aliuliza, "Mdogo wangu anaendeleaje?"

Nilimtazama bibi. Nilitamani aseme uongo.

"Jicho halitarudi, mwanangu."

Baba akaegemeza paji la uso kwenye waya, mabega yakaanza kutikisika. Mimi sikulia, nilishakatazwa. Yeye hakuna aliyemkataza. Bibi alikuwa akirudia maneno yale yale, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Utakula, baba. Wakikupa, utakula."

Hukumu ilipotoka baba akawa mfungwa, na chakula cha nyumbani hakikupokelewa tena. Bibi aliendelea kwenda mikono mitupu. Baba alitoka nikiwa sekondari, mtu wa maneno machache, anayelala mapema. Baba mdogo alikuwa amehamia Karagwe, kwao mkewe. Kila sikukuu bibi alipika cha kuwatosha wote wawili, na kila sikukuu alikula mmoja.

Bibi alipofariki walikuja wote, wakasimama pande mbili za kaburi. Baba mdogo alisimama na upande wake usioona ukielekea kwa kaka yake. Ili amwone ilimbidi ageuze uso wote. Baba alimtazama kuanzia sala ya kwanza mpaka udongo wa mwisho, akisubiri. Baba mdogo hakugeuka.

Jirani yangu nilimjibu kama yule mama alivyotufundisha: abebe chakula cha nyumbani, asikifunge sana, na ajue ataonja kila kitu. Baba na baba mdogo nao sasa wamefariki. Jiko lilibomoka, migomba ilikufa kwa mnyauko, na Muleba sina tena nyumba ya kufikia. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyebaki anayeweza kuita mara moja tu, nasi sote tukaitika.