Akoth, Certificate Yako Nimeiweka

Siamini, na kusema ukweli sitaki kuamini. Akoth wangu, yule mliyemjua kama fundi wa mabango ya harusi na matanga hapa Migori, ametutoka Jumapili. Homa ya siku tatu tu! Alhamisi alikuwa ananigombeza kuhusu font.

Tangu hapo sijui kutulia. Nimefagia duka letu mara nne leo asubuhi. Familia imeniomba nitengeneze programu ya mazishi, na kila nikifungua file naifunga tena.

Tulikutana Homa Bay, kwa course ya graphic communication, ile ya chini kabisa, basic certificate. Mimi nilikuwa nimemaliza shule juzi. Yeye alikuwa na miaka thelathini na sita, ametoka kuuza samaki wadogo wa omena Mbita, na hajawahi kushika mouse. Siku ya kwanza aliinyanyua akaielekeza kwa screen kama remote ya TV. Tulicheka, wacha tu. Yeye alicheka kuliko sisi sote.

Practical ya kwanza alianguka. Lilikuwa bango la kanisa, la zambarau, na kwa screen liling'aa kweli. Lakini alisahau kubadilisha rangi za screen ziwe rangi za printa, na zambarau ikatoka kama maji ya kuoshea sufuria.

Akalia nyuma ya workshop. Halafu akapangusa uso akaniuliza, "Hiyo paper inarudiwa lini?"

Akairudia, akapita. Eish, siku ya kuchukua certificate alipiga vigelegele ofisini mpaka watu wakatoka madarasani!

Tukafungua duka pamoja. Client wa matanga analeta picha iliyokatwa kutoka picha ya harusi, bega la mtu mwingine bado lipo. Akoth alikuwa hataki kusikia.

"Hii bega ni ya nani? Mnazika mtu ama mnazika bega?"

Kisha huyo, anapanda boda mpaka Kosele kumtafutia marehemu picha ya heshima kwa majirani. Mimi nabaki na deadline, nimenuna.

Sasa jana kaka yake mkubwa amesoma draft yangu akaniambia, "Hiyo certificate toa. Kwetu tuko na watu wa degree, watu watatucheka. Andika tu alikuwa businesslady."

Nilimjibu "sawa" kwa adabu, lakini nilikuwa nachemka. Yaani jasho lote lile lifutwe hivihivi?

Nikampigia mama yake kule kwao Lambwe. "Mama, pole sana. Ile certificate ya Akoth, niitoe kwa programu?"

Akanijibu, "Nyathina, mtoto wangu, mimi sijui kusoma. Lakini hiyo karatasi alinisomea yote, kidole yake ikipita hapa, ikipita hapa. Wewe wacha ikae."

Basi Akoth, nimeprint. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina lako kabisa: Certificate in Graphic Communication. Kaka yako akitaka kugombana anipate Jumamosi kwa mazishi hapo nyumbani kwenu, nitakuwa nagawa programu mwenyewe, mkono kwa mkono.

Nina hasira na wewe, Akoth. Umeniacha mapema mno, na sijui nitafanya kazi na nani.

Lakini kila atakayekuja kukuzika ataisoma. Na asiyejua kusoma, nitamsomea.

Lala vyema, binti wa Lambwe, nyar Lambwe.