Miguu ya Kiti cha Ikulu

Seremala wa Ikulu alizungumza na mbao zaidi kuliko na watu, kwa kuwa mbao hazipeleki maneno. Jamhuri ilipozaliwa alikabidhiwa kiti cha gavana aliyeondoka, mtu mrefu. Rais wa kwanza alikuwa shujaa kwa kila kipimo isipokuwa rula: akikikalia, miguu ilining'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Akamwita seremala faraghani. Seremala akakata upana wa vidole vinne chini ya kila mguu wa kiti, siri akaimeza. Vipande hakuvitupa. Alivifunga kitambaa akavilaza chini ya kasha la vifaa.

Miaka ikapita, ukaja uchaguzi, chama tawala kikashindwa. Jambo hilo halikuwa la mazoea. Hata walioshinda waliulizana kinachofuata ni nini.

"Wewe kwisha habari yako," shemeji yake seremala alimwambia, akijikatia mkate usio wake. "Seremala wa chama kilichopita. Hawa watakuja na wao."

"Shemeji, mimi ni seremala wa viti."

"Na wao waligombea nini?"

"Kaka, hebu mwache ale," mkewe akasema. "Kesho huenda tukala maneno yako."

Asubuhi ya makabidhiano, rais anayeondoka, yule yule wa kwanza, alipitia karakana.

"Fundi, yule bwana ni mrefu."

"Nimemwona, mzee."

"Atauliza."

"Ataniuliza mimi."

Mzee akampa mkono, akajipangusa vumbi la randa, akaenda kukabidhi nchi.

Rais mpya alipoketi, magoti yalikaribia kidevu. Msaidizi wake, ambaye binamu yake, naye seremala, alikuwa tayari getini na msumeno, akataka kujua nani kaharibu mali ya taifa. Seremala akaitwa. Akaja na kitambaa chake.

"Umekikata wewe?" rais akauliza.

"Mimi, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Mchwa walikula chini. Nikapunguza."

Rais akafungua kitambaa. Vipande vilikuwa vizima, havina hata tundu la sindano. Akavigeuza kimoja kimoja, kisha akatazama ukutani, ilipokuwa picha ya mwenzake aliyeondoka.

"Hawakuwa warefu sana hao mchwa," akasema.

"Wa wastani, mheshimiwa."

"Virudishe."

"Kwa gundi," msaidizi akadakia. "Iwe ya kudumu."

Seremala alikwisha kutoa skrubu mfukoni. Akazitazama, akaitazama kazi yake ikimponyoka, akasema hata hivyo.

"Gundi haifunguki. Na atakayekuja baada yako, mheshimiwa, kimo chake hatukijui."

Maneno hayo hayakuwahi kusemwa chumbani mle. Msaidizi akakohoa. Rais akavipima vipande mkononi, magoti juu, kwa muda ambao seremala aliuona mrefu kuliko utawala uliopita.

"Tia skrubu," akasema mwishowe. "Ila kaza."

Binamu wa getini akaambiwa arudi nyumbani na msumeno wake. Jioni shemeji alikula mkate tena, msimamo wake ule ule: kwisha habari ya seremala.