Msimwamkie Sosthenes

Miaka kumi na minane Severina Kalinga amekuwa mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wao mjini Iringa, na anachojivunia ni watoto wa mtaa huo. Yeye ndiye aliyewafundisha kumwamkia kila mtu mzima: simama, piga goti kidogo, shikamoo. Aliyepita kimya alirudishwa akaanza upya.

Januari, Sosthenes alitoka gerezani, alikotumikia miaka mitano kwa shambulio la aibu dhidi ya mwanafunzi wa darasa la nne. Akapanga chumba kwa jirani yao Yotamu, hatua ishirini kutoka lango la shule ya msingi. Severina aligoma kumwandika kwenye daftari la wakazi. Mtendaji wa mtaa akamwita, naye akamweleza hofu yake kwa watoto.

"Mama Kalinga, kifungo kamaliza. Sheria ya kumkataza kukaa karibu na shule iko wapi? Nionyeshe."

Hakuwa nayo. Akamwandika kwa hasira. Yule mtoto ndiye aliyehamishwa mji, kwa aibu isiyo yake, na huyu anatafutiwa haki ya kupanga.

Kesho yake asubuhi alimkuta Sosthenes kakaa kwenye stuli mlangoni. Watoto walisimama mmoja mmoja, wakapiga goti, naye akawashika kichwa. "Marahaba, mjukuu." Wa nne alikuwa Happy, mjukuu wa Severina mwenyewe. Hakuna aliyewaita wale watoto pale. Adabu aliyowafundisha yeye ndiyo iliyowasimamisha.

Mchana akawangoja langoni.

"Yule msimwamkie. Piteni ng'ambo ya barabara, msisimame."

"Bibi, si tutakuwa hatuna adabu?" aliuliza Happy.

"Eeh. Kwake yeye msiwe nayo."

Haikupita wiki, Sosthenes akashtaki ofisini kwamba watoto wa mtaa huu wameharibika. Kikao kikaitishwa siku hiyo hiyo. Mtendaji akataka jina la aliyewaharibu.

Severina akasimama. "Andika Severina Kalinga. Andika pia kwamba nilipoleta habari ya watoto mliniuliza sheria. Leo mtu kanyimwa shikamoo, mmepata hadi viti vya kikao."

Anjela, mke wa Yotamu, akainua mkono. "Niandike na mimi. Wangu hawatamwamkia."

Asubuhi iliyofuata shule nzima ilipita ng'ambo ya barabara. Sosthenes alingoja kwenye stuli yake, halafu akaitikia mwenyewe, kwa sauti kubwa: "Marahaba!"

Hakuna mtoto aliyegeuka.