Dozi ya Sita ya Saning'o

Uvimbe kwenye kongosho la Saning'o ulitolewa Februari, na picha zilizofuata hazikuonyesha kitu. Mfugaji huyu wa nje ya Kitengela, mwenye miaka sitini na mmoja, hakuona haja ya kuwekewa dripu tena.

"Daktari, mmeshakata. Sasa mnatibu nini?"

Daktari Kiilu hakumficha. Uvimbe wa aina hiyo huwa na seli shina za saratani. Ni chache, hukaa kimya, huvumilia dawa kuliko nyingine, na zikibaki zinaweza kuzaa uvimbe mpya. "Siahidi kwamba tutazimaliza. Lakini ukipata dozi zote sita, una nafasi nzuri zaidi."

Saning'o alifikiria kichaka chenye maua ya zambarau kilichovamia malisho yake. Walikifyeka kwa panga miaka miwili. Mvua ikinyesha, kimerudi. Hakimaliziki mpaka kichimbwe mizizi. Akakubali.

Alipata dozi tano. Kabla ya ya sita, mkewe Resian alifanya kile ambacho Wamaasai humfanyia mgonjwa anayepona: alichinjisha kondoo mnono, akayeyusha mafuta, akampa kikombe asubuhi na jioni. Saning'o akaharisha wiki nzima. Siku ya dozi, mizani ilionyesha amepoteza kilo nne.

"Leo hapana," Kiilu alisema. "Umekuwa ukila nini, mzee?"

Saning'o alitazama dirisha. Hangemsema mkewe mbele ya watu. "Chakula tu."

"Chakula gani!" Resian aliingilia. "Ni mimi, daktari. Nimempa mafuta ya kondoo. Amekunywa bila neno, na huyu hata chai yangu huilalamikia."

Kiilu alicheka, kisha akaeleza: kongosho ndilo hutoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, na la Saning'o limebaki kipande. Akaandika vidonge vya vimeng'enya hivyo, vya kumeza na kila mlo, akawapa wiki mbili. Uzito usipopanda, dozi ya sita haitakuwepo.

Resian akawa askari. Vidonge, uji, nyama kidogo, maziwa kidogo, mara sita kwa siku.

"Baba Leshan, kula."

"Nimeshiba."

"Kwani nimekuuliza?"

Mizani ikapanda kilo mbili. Muuguzi akatafuta mshipa, akaupata, dawa ikaanza kushuka. Saning'o akanyoosha miguu. Kabla mfuko haujafika nusu alikuwa anakoroma, na Resian akamwomba muuguzi asimwamshe.